Ua wa Mama Ua

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha saruji, mahali ambapo nguo nyeupe zilianikwa nyeupe na kuanuliwa za kijivu. Alisoma shule ya msingi ya mtaani hapo, akamaliza mwaka 1970, akajifunza kazi ya bustani, na tarehe 2 Mei 1975 akaajiriwa na jiji katika kitalu cha miche, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa injini za dizeli, shangazi akatania kwamba wamekutana mtoa moshi na mfagia moshi, wakajaliwa mtoto wa kiume, na mwaka 1990 wa kike, aliyezaliwa na pumu.

Kwa ajili ya binti huyo, marehemu alipanda miti pande zote mbili za barabara nyembamba ya shuleni, ikakua, matawi yakashikana juu kama paa, watu wakamsifu kwa kivuli, kumbe paa lile liliuzuia moshi wa magari usipande, ukabaki chini puani mwa watoto, na mwaka 1999 binti akaanguka darasani akitafuta pumzi, akanusurika. Gengeni wakasema Mama Ua kaua. Alisikia, akachukua msumeno, akakata matawi aliyoyalea mwenyewe, kisha akapanda ua mnene kati ya magari na uwanja wa shule, ili masizi yanase kwenye majani.

Watoto waliuita “ua lile”, naye akawasahihisha kwa subira kwamba la kunusa ni lile, wa kukinga ni ule, na mvua ikichelewa aliwapa ndoo wayaoshe majani, maana kitambaa kichafu hakifuti meza.

Mapafu yake yalianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa Mei mwaka huu, na wiki hiyohiyo mtambo wa kupanua barabara ukang’oa nusu ya ua. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni, akiwa na barakoa ya oksijeni, alimuuliza binti yake, “Upo?”, binti akajibu, “Nipo, mama,” naye akatikisa kichwa, akaonyesha dirishani, ndipo binti akaelewa kwamba haulizwi yeye, unaulizwa ua, akasema, “Upo,” na kabla ya adhuhuri mama akatutoka, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani mliotupikia na kukaa nasi, na wenzake wa kitalu mliokuja na udongo bado viatuni. Nusu ya ua iliyobaki imepakwa alama nyekundu ya kung’olewa, mkutano wa barabara ni Alhamisi, nasi tunawaomba mje, kwa kuwa binti yake halali, akihofia kwamba neno la mwisho alilomwambia mama yake litageuka uongo.

Pumzika kwa amani, mama, pasipo kukohoa, na siku utakapotuuliza tena, tuwe na uso wa kukujibu kwamba upo.