Aliyempigia Slesi Simu

Kijiwe chenyewe ni ubao wa nyuma wa lori uliolazwa juu ya matofali, kando ya ukuta wa banda la kinyozi, pale barabara ya lami inapopinda na mtaro unapoanza kunuka. Kukicha tu, Bibi Birika huweka jiko lake la mkaa mwisho wa ubao, ndoo ya kusuuzia vikombe chini ya goti la kushoto, na ulimi wake mahali pake pa siku zote, yaani nje. Hapo hukaa Kinyozi, ambaye wateja humkuta kijiweni ndipo wamkokote kwenda kazini kwake. Hukaa Profesa, fundi redio aliyesoma magazeti yote yaliyowahi kufungiwa misumari. Hukaa Mstaafu, aliyeendesha lori la magogo miaka thelathini na moja, na mpaka leo akipiga chafya mguu wake wa kulia unakanyaga breki. Alhamisi hiyo aliongezeka wa nne, akakaa ncha ya mbali kabisa, tako moja likiwa hewani: Slesi, dereva wa gari la mkate.

Slesi alikuwa amesimamishwa kazi tangu Jumatatu. Alimgonga fundi cherehani aliyekuwa anavuka na baiskeli, na watu watatu waliapa kwamba walimwona ana simu sikioni. Simu yenyewe ilidondoka, gari la nyuma likaisaga. Leo saa nne alitakiwa ofisini kwa meneja wa kiwanda cha mkate, aseme nani alimpigia. Meneja alishaamua moyoni kwamba ni mnunuzi wa mikate ya wizi. Slesi akitaja mtu, na mtu huyo akaja kusimama na kusema ndiyo, atapewa onyo. Asipotaja, arudishe funguo. Na Slesi alikuwa hataji.

Mke wake naye alishaamua la kwake: ni mwanamke. Siku ya pili hiyo alikuwa amebeba mfuko wa nguo, amehamia kwa mama yake. Na mama yake ni Bibi Birika.

Na aliyempigia Slesi ni huyo huyo Bibi Birika.

Ilikuwa saa moja na robo. Gari la mkate lilipita kijiweni, na siku zote Slesi husimama, hushuka, huinama kidogo akasema shikamoo mama, hupanda akaenda. Jumatatu hakusimama. Alipita kama upepo, shingo mbele. Bibi akaangalia vumbi, akaangalia waliokuwa wanamwangalia, akatoa simu kifuani. Slesi akapokea mara ya kwanza tu ilipoita, maana simu ya mama mkwe haikatwi. Bibi akamwuliza kama siku hizi ameota macho ya kuonea juu ya vichwa vya watu. Slesi akasema, "Shikamoo mama, nisamehe, nimechelewa," kisha ukasikika mlio kama sufuria imeanguka. Bibi akakata simu, akidhani kreti ya mkate imedondoka. Habari kamili aliipata mchana, akamimina kahawa nje ya kikombe.

Tangu hapo hakusema. Mdomo uliomsema kila mtu mtaani ulikuwa haujui kujisema wenyewe. Mbaya zaidi, binti yake alipolia usiku akimhesabia wasichana wa kiwandani kwa majina, Bibi alimwambia, "Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu." Aliona hilo angalau si uongo.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Bibi alijaza kikombe cha Slesi, akampa Kinyozi, Kinyozi akampa Profesa, Profesa akampa Mstaafu, kikamfikia mkwe bila mikono yao wawili kukutana.

— Mimi nasema huyu jamaa ameuzwa, Kinyozi akaanza. Kuna mtu alijua yuko barabarani, akampigia makusudi.

— Mtu gani? Mstaafu akauliza.

— Yule dereva wa akiba. Gari analo nani sasa hivi? Si yeye? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, ukikiona vua nguo.

— Hakuna methali ya namna hiyo, Bibi akasema.

— Kwenu ndiyo haipo, Bibi. Kwetu ipo.

— Kwenu watakuwa uchi wote.

Profesa alicheka kwa pua, akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, wenzake hujua kwamba jambo limetoka mtaani na linapanda angani.

— Dereva wa akiba ni dagaa, ndugu zangu. Muulize nani anafaidika. Kampuni ya simu inauza maongezi. Trafiki anaandika kosa. Hospitali inafunga plasta. Haya, plasta ni kitu gani? Ni unga mweupe. Unga mweupe unauzwa wapi?

Wote wakageukia ng'ambo ya barabara, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa anafagia mlangoni. Aliwapungia mkono.

— Mnaona? Profesa akasema. Miaka sita hajawahi kutupungia.

— Acheni hizo, Kinyozi akasema. Tatizo ni sheria. Wanakataza simu, wakati kuna vile vidude vya kuchomeka sikioni. Unaongea, mikono miwili iko kwenye usukani. Mikono huru, kosa liko wapi?

— Mikono huru, akili imefungwa, Mstaafu akajibu. Mimi nimeendesha lori lenye tani ishirini za magogo. Nilikuwa nakunywa chai naendesha, namenya chungwa naendesha. Lakini chungwa halikuulizi uko wapi na nani. Mke wangu akiwa na neno alikuwa ananiandikia barua. Barua inanikuta nimeshapaki.

— Ikisema mtoto mgonjwa je? Kinyozi akauliza.

— Inanikuta mtoto ameshapona.

— Ndiyo maana hukuwahi kumpeleka mtu hospitali, Bibi akasema. Na wewe Kinyozi usijitie wakili wa mikono huru. Yule bwana wa benki ulimkata sikio ukiongea na nani?

— Si sikio, Bibi. Ni ncha.

— Ncha ya nini?

Kinyozi akanywa kahawa yake. Mwezi wa pili huo bwana wa benki alikuwa ananyolewa mtaa wa pili.

Bibi alisikia nafuu kidogo. Ukimsema mwenzako hewa huingia kifuani vizuri. Lakini jicho lake lilikuwa linarudi kule kwenye ncha ya ubao, kwa mkwe wake aliyekuwa anakitazama kikombe kama mtu anayesoma ndani yake. Alikuwa amevaa shati la kazini, limepigwa pasi. Nani alimpigia pasi, na mkewe yuko kwangu? Bibi aliwaza, na papo hapo akajikemea. Hata yeye alikuwa ameanza kumshuku mwanaume kwa kosa analolijua ni lake.

— Kuna kitu nilikuwa sitaki kukisema, Profesa akasema kwa sauti ya chini. Simu inaweza kujipigia yenyewe.

— Weka kikombe mbali naye, Mstaafu akasema.

— Cheka tu, mzee. Simu inasikia. Inajua gari linakwenda kasi gani, inajua kona iko wapi. Ikiona imezeeka, inaita. Mtu anapokea, anagonga, simu inavunjika, anakwenda kununua mpya. Ya Slesi iko wapi? Imekufa. Ushahidi umejiua.

— Sasa kwa nini Slesi asiseme simu ilijipigia? Kinyozi akauliza.

— Kwa sababu inamsikia.

Hapo hata Kinyozi aliitoa simu yake mfukoni, akaifunika kwa kofia. Kisha akamsogelea Slesi, akamshika bega.

— Mshikaji, sisi ni wenzako. Mficha uchi hazai. Saa nne si mbali. Tutajie tu.

— Siwezi, Slesi akasema.

— Huwezi au hutaki?

— Siwezi.

— Basi ni mwanamke. Mwanaume akisema siwezi, huyo ni mwanamke. Samahani, Bibi.

— Ongeeni tu, Bibi akasema. Alijimwagia kahawa kidoleni, hakukitikisa.

— Si mwanamke wa namna hiyo, Slesi akasema, na maneno yalipomtoka akafumba macho.

Kijiwe kizima kikanyanyuka kama mkeka umevutwa.

— Kumbe ni mwanamke, Profesa akasema.

— Wa namna gani? Kinyozi akauliza. Zipo namna ngapi?

Bibi aliona jasho likimtambaa Slesi shingoni, na akaelewa kwamba huyu mtu atakwenda kwa meneja hivi hivi. Atarudisha funguo, atampoteza mke, atalala kwenye chumba kitupu, na hatalitaja jina la mama mkwe mbele ya watu. Alimtaka awe na adabu, naye alikuwa nayo tele. Adabu ya namna hiyo ilikuwa inamkaba Bibi mwenyewe.

Ndipo akaja mtu kutoka upande wa mtaro, anatembea polepole, mkono wa kulia umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kitambaa cha bitana kilichopindwa pindo safi. Slesi akasimama. Wengine wakasogeleana bila kuambiwa.

— Shikamoo, mama, mgeni akamwambia Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Mimi ndiye fundi cherehani. Nimeambiwa dereva yuko hapa. Akamgeukia Slesi. Usisimame, kaka, sikuja kugombana. Ofisi wameniita na mimi saa nne. Wataniuliza nataka ufanywe nini.

— Pole, kaka, Slesi akasema. Kila siku natuma watu wakupe pole.

— Zimenifika. Lakini mkono huu ndio unaokata vitambaa. Nimekaa siku tatu naangalia mkasi uko mezani. Kwa hiyo kabla sijafika kule nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alikupigia, hilo si langu. Mlikuwa mnaongea jambo gani?

Profesa alikuwa na jibu la kila kitu kuanzia plasta mpaka setelaiti, lakini hilo hakuwa ameliwazia. Siku tatu kijiwe kilikuwa kinatafuta nani. Hakuna aliyewahi kuuliza nini.

— Maana nimejiambia, fundi akaendelea, labda ni mtu alikuwa anakata roho. Labda nyumba ilikuwa inaungua. Kama ni hivyo, nitawaambia wakuachie. Mimi pia ningepokea.

Slesi aliangalia chini. Bibi Birika aliweka birika jikoni, akalitoa, akaliweka tena.

— Usimwulize yeye, akasema. Niulize mimi. Mimi ndiye niliyempigia.

Mstaafu alikanyaga breki hewani. Kinyozi akasema, "Wewe?" kisha akatazama pembeni, maana alikuwa anakumbuka yote aliyoyasema tangu Jumatatu juu ya huyo aliyepiga simu.

— Haya, mama, fundi akasema. Lilikuwa jambo gani?

Bibi alikuwa amemjibu kila mtu aliyewahi kupita kwenye kona ile, kuanzia madiwani hadi walevi. Alitafuta jibu lenye uzito wa mkono ule, akakuta lake ni jepesi kama makapi.

— Bibi alikuwa anaumwa, Profesa akasema haraka. Presha.

— Presha kabisa, Kinyozi akadakia. Alianguka hapa hapa. Mimi ndiye niliyemshika.

— Si umesikia, Bibi? Mstaafu akasema kwa upole. Ulianguka.

Mlango wa uongo ulikuwa wazi, wote watatu wameushikilia, alichotakiwa ni kuingia tu. Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwahi kumpenda kiasi hicho tangu alipoanza kuwauzia kahawa.

— Sikuumwa, akasema. Nifuateni, wewe na mkwe wangu. Kuna mtu anatakiwa kulisikia kabla ya meneja.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya banda la kinyozi, hatua kumi na tano kwa miguu yake. Alisukuma pazia. Binti yake alikuwa amekaa kitandani, anazikunja upya nguo alizozikunja jana. Alimwona mumewe, akageuzia uso ukutani.

— Geuka, Bibi akamwambia. Yule mwanamke unayemtafuta nimekuletea.

Binti akageuka upesi. Akatazama kulia kwa mama yake, akatazama kushoto, akaona plasta na mtu asiyemjua.

— Yuko wapi?

— Unaongea naye.

Ilichukua muda. Bibi aliyaona majina ya wasichana wa kiwandani yakimtoka binti yake usoni, moja baada ya jingine, mpaka halikubaki hata moja.

— Mama, siku mbili umenisikiliza nalia, binti akasema. Akapumua. Sasa ulikuwa unamwambia nini huyu mtu saa hizo?

Fundi cherehani alisogea mlangoni apate kusikia. Nje, nyuma ya ukuta, kijiwe kizima kilikuwa kimetega masikio.

— Alipita hakunisalimu, Bibi Birika akasema.

Fundi cherehani aliushika mkono wake wenye plasta kwa ule mzima, akautazama, kisha akamtazama yule bibi kizee, na Bibi hakukwepesha macho. Alijua kutazamwa huko ni deni lake.

— Vaa viatu, akamwambia binti yake. Saa nne inafika. Twende wote, ukae karibu yangu mle ofisini, nisije nikasimama mbele ya meneja nikasema nilikuwa naumwa presha.