Kwa Nini Tunaomba Tovuti, Si Aplikesheni

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe mkurugenzi wa shirika linalotufadhili; mwenyekiti wetu; ndugu wanachama,

Karibu

Sisi wafanyakazi wa nyumbani, wapishi, yaya, wafua nguo na watunza bustani, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua bango lililo nyuma yako linasema umekuja kuzindua aplikesheni ya baraza letu. Tunakuomba utusikilize hadi mwisho kabla ya kukata utepe.

Tulikotoka

Tulianza kama kundi dogo la kuulizana mambo ya kazi kwenye simu: doa la mafuta linatokaje, mtoto akikataa uji afanyweje, likizo huombwaje. Tulipokuwa wengi, maswali yakawa yanapotea kabla hayajajibiwa. Ndipo shirika lako likatutengenezea aplikesheni ya majaribio. Tulifurahi, hilo hatufichi. Inasomeka hata bando likiisha, na mwenzako akikujibu, simu inakushtua hapohapo.

Yaliyotupata

Huko kushtua ndiko kulikotuponza. Mwenzetu mmoja, mpishi tunayemwita Kicheko, aliacha simu kwenye meza ya jikoni akaenda kuanua nguo. Arifa ikaingia, jina la baraza likatokea kwenye kioo. Mama mwenye nyumba akalisoma.

"Kumbe mna chama? Mnatusema huko?"

"Hapana, mama. Niliuliza namna ya kutoa doa la manjano kwenye shuka."

"Fungua nione."

Kicheko akafungua. Swali la shuka lilikuwepo kweli, lakini chini yake kulikuwa na la mwenzake: "Hivi nina haki ya siku ya kupumzika?" Kufikia mchana Kicheko alikuwa nje ya geti na begi lake. Hakuruhusiwa hata kuwaaga watoto.

Habari ilipoenea, wengi waliifuta aplikesheni siku hiyohiyo. Wengine hawakuwahi kuiweka, kwa kuwa simu zao zimejaa. Yaya mmoja alifuta picha za mwanawe anayelelewa na bibi ili ipate nafasi. Ikagoma hata hivyo.

Tulichoamua

Tulibishana sana. Vijana walisema tovuti ni kurudi nyuma. Mtunza bustani mmoja akawajibu, "Nyie mna simu zenu. Mimi naazima ya mlinzi." Aliyemaliza ubishi ni Kicheko mwenyewe: "Mimi kuuliza siachi. Nataka nikishauliza nifunge, simu ibaki simu tu."

Ombi letu

Tunaomba tovuti nyepesi, inayokaa vizuri kwenye kioo kidogo, isiyotuma arifa, inayofunguka hata kwa simu ya kuazima, na isiyobakiza jina la mtu ikishafungwa. Wataalamu wako wamehangaika sana na aplikesheni hii, na hatuwadharau. Ije siku ambayo kuonekana kwake hakutamfukuzisha mtu kazi.

Jambo dogo la mwisho: picha ya pamoja tutapiga kwa furaha, ila tunaomba isirushwe mtandaoni. Wengi tuliomo humu tumeaga kwamba tunakwenda hospitali.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na ambariki anayekufungulia geti na anayekuwekea chakula mezani.

Ni sisi,
Baraza la Mlango wa Nyuma