Jina la Mama Zambia

Kwenye kona moja ya mtaa wa Makomeno kuna ubao wa wateja kukalia uliolazwa juu ya matofali, na kila asubuhi, makaa yakishika vizuri kwenye mbabula, jiko lake la bati, Mumba hubandika birika lake la kahawa pale. Alizaliwa Kitwe, Zambia, akaletwa Lubumbashi akiwa bibi-arusi wa fundi wa reli. Watoto amewazalia hapa, mume amemzika hapa. Wanaume wa ubaoni humwita Mama Zambia, kwa mapenzi tu, naye huitika.

Mwaka jana alivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kumzika mama yake. Ofisa wa kule alimuuliza atakaa siku ngapi. Wakati wa kurudi, ofisa wa huku akamuuliza vilevile. Alilia garini mpaka karibu na mji, na hakuwa akimlilia marehemu peke yake. Ndipo akaomba uraia wa Kongo. Ofisini walimweleza mambo mawili: atauacha ule wa Zambia, na mtu atakuja mtaani kuuliza kama ana mwenendo mwema.

Watu wa ubaoni waliposikia, kesi ile wakaifanya yao.

Paulin, mstaafu wa reli, wanamwita Procureur, yaani mwendesha mashtaka, kwa sababu hakuna ugomvi wa mtaa asioukatia hukumu. Yeye alisema mwenendo mwema ni kutosimama mbele ya hakimu, basi. Lucien akakataa. Huyo alilinda nyumba za matajiri wa mtaa wa Golf miaka mingi, hata jina lake likawa Golf.

— Kule kwetu Golf, muntu wa mwenendo muzuri hausikie sauti yake. Anaweza kufa, hauyue. Mama Zambia anachekaka sana. Ile itamuletea matatizo.

Michée, aliyebeba mizigo ya wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Luano hadi mgongo ukamshinda, alikuwa na habari za mbali zaidi.

— Ile yote ni bure. Siku hizi banaweka mashini pa kifua. Banauliza moyo: unapenda inchi gani? Kama inapiga juu ya inchi mbili, dossier, makaratasi yako yote, banatupa.

Wakacheka, kisha wakabishana kama mashini hiyo hutumia umeme au betri. Mumba hakucheka. Mkono wake ulibaki hewani na birika. Alikuwa ameuona moyoni ua wa nyumba yao Kitwe, na mama yake mlangoni akimwita kwa jina, akilivuta kana kwamba hataki liishe. Tangu wamzike, hakuna aliyemwita hivyo tena. Watoto husema mama. Ubao husema Zambia.

— Usiogope, mama, Procureur alimwambia. Shiye tuko hapa. Tutabaambia uko muntu wetu.

Kesho yake akaja mwanamke kijana mwenye viatu vya vumbi, akaketi mwisho wa ubao, akaomba kahawa. Mumba akammiminia. Mgeni alipokwisha kunywa kidogo akasema ametumwa na ofisi ya uraia.

— Ba tata, hapa munamuyua Mwelwa Mumba?

Wakatazamana. Golf alidhani labda ni mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma. Michée akatikisa kichwa. Procureur akakohoa, akajibu kwa niaba ya wote kwa sauti yake ya mahakamani.

— Ule muntu hatumuyue hapa.

Mwanamke akatoa kalamu aandike hivyo. Mumba akaliweka birika chini.

— Ni miye, akasema.

Mgeni alimtazama, kisha akawageukia wanaume. Hakuwa mkali, alitaka kuelewa tu.

— Na miaka yote hii, mulikuwa munamuita nani?

Golf aliangalia ndani ya kikombe. Mwishowe Procureur akavua kofia, akaanza kueleza polepole jinsi mama huyu alivyomnywesha uji mke wake alipougua, asubuhi kwa asubuhi, mpaka siku ya mazishi. Mwanamke aliandika mpaka mwisho, akashukuru, akasema jibu litatoka Kinshasa, lini hajui. Akaondoka.

Procureur akanyoosha kikombe.

— Mumba, alisema, kama mtu anayeonja chakula cha moto. Kahawa ingaliko?

Mumba alilitikisa birika. Hakuna kitu. Akachuchumaa mbele ya mbabula, mgongo kwao wasimwone uso, akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu, akitamani Procureur aliseme tena lile jina.