Miguu ya Gari la Mzee Valerian

Kijiwe chetu cha Tinde kiko mbele ya banda la kahawa la Masudi, hatua ishirini kutoka tuta la mwisho la barabarani, na kama hukijui basi hujui kitu, rudi kwenu. Mimi naitwa Mkemia. Shule niliiacha darasa la sita baada ya kuona walimu wameishiwa. Jina nimelipata kwa ubunifu wangu: gari likitoka machimboni Nyarugusu, magurudumu yamegandwa na tope, na tope la Nyarugusu lina dhahabu. Kwa hiyo likisimama tu, kabla dereva hajashuka, tunayamwagia magurudumu ndoo ya maji, tope tunalikinga kwenye karai, tunaenda kulichuja. Mteja wetu mkuu ni Mzee Valerian, mwenye mchomoko, kile kigari cha abiria kinachopakia watu saba na kuku wao. Yeye anaamini tunamwoshea gari kwa adabu. Kila safari anasema "Wabeja, vijana," ndiyo asante ya Kisukuma, na anatulipia kahawa duru nzima. Leo amefika, tumemwaga, maji yamelia chwaaa na mvuke umepanda. Kahawa amelipia. Wabeja hakusema.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Gari bado linatetemeka. Nikikanyaga breki kwenye tuta, usukani unanipiga mikono kama una degedege. Abiria wawili wameshukia Kahama, wamesema bora bodaboda.

Mtetemo huo umeshakula ng'ombe wawili wa mahari ya binti yake, Dorah. Wa kwanza aligeuka matairi mapya, ushauri wa Injinia wa hapa kijiweni. Wa pili akageuka shokapu, ushauri wa Diwani, naye wa hapa hapa. Amebaki mmoja, na huyo ndiye ambaye Thobias, kaka yake Dorah, anamtegemea aanzie kuoa.

— Leo mnada, mzee akasema. Thobias ameshatangulia na ng'ombe. Haya semeni, safari hii nibadilishe nini?

Injinia, ambaye maisha yake yote amefungua pampu moja ya baiskeli na hadi leo haijafungika, akakohoa.

— Injini, mzee. Badilisha nzima. Samaki mkunje angali mbichi. Hiyo imeshakauka, haikunjiki.

— Injini na breki wapi na wapi? nikamuuliza.

— Wewe Mkemia, breki inazuia nini? Si injini? Basi hiyo injini inapigana! Ungesoma ungejua.

— Nilisoma, nikawaachia na wenye vichwa vizito nafasi. Wewe ulikaa mpaka wakahamisha dawati.

Diwani akaweka kikombe chini. Udiwani ameukosa mara tatu, jina ndilo alilopata.

— Gari halina kosa. Kosa ni ardhi. Kule Nyarugusu wamechimba mpaka nchi imebaki ganda. Gari likifunga breki, uzito unagonga ganda, ganda linarudisha mwangwi. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

— Na hapa Tinde kachimba nani? nikauliza.

— Mwangwi unasafiri, bwana! Redio iko Dar es Salaam, mbona wewe unaisikia hapa?

Zebaki alikuwa anatungoja tumalize. Amekaa mashimoni miaka kumi na tisa, ametoka na kikohozi na hilo jina.

— Nyie watoto. Hilo gari limeonja dhahabu. Mwaka mzima linaikanyaga. Sasa ukiliondoa kule linataka kurudi, na ukilishika breki huku linagoma. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Dawa yake kondoo mweupe, damu kwenye magurudumu yote manne.

— Na la akiba? nikauliza.

— La akiba limekanyaga nini? Usimchanganye mzee.

Tulicheka. Mzee Valerian hakucheka. Alikuwa anakunja vidole taratibu: injini, kondoo. Alikuwa anatuamini.

Basi kuna dada alikuwa amesimamisha pikipiki kunywa kahawa, ovaroli limelowa mafuta. Masudi alimwita Fundi Violeth, anakwenda Samuye kutengeneza trekta.

— Shikamoo, baba. Linatetemeka muda wote au ukikanyaga breki tu?

— Marahaba. Breki tu.

— Usukani, au mpaka kiti?

— Usukani.

— Dada, akaingilia Injinia, haya mambo yana wenyewe.

Violeth akachuchumaa, akasogeza kiganja karibu na gurudumu la mbele, akakirudisha haraka. Akaangalia ardhi iliyolowa. Akaangalia karai letu.

— Disiki za mbele zimepinda, baba. Zile sahani za chuma ambazo breki inazibana. Kama bado nene zinachongwa, kama zimeisha unanunua mbili kwa wauza vipuri vya mtumba. Hapo hakuna ng'ombe, pengine mbuzi. Ila zitapinda tena. Chuma kikitoka kwenye matuta kimewaka hivi, nani anakimwagia maji baridi?

Injinia akatazama barabara. Diwani akatazama ndani ya kikombe. Zebaki akashikwa na kikohozi. Mimi nikalisukuma karai kwa kisigino liingie chini ya benchi, likakwaruza kwa sauti ya kuita watu.

— Nilidhani mnaniheshimu, mzee akasema.

Akatoa simu.

— Thobias, mrudishe. Usimuuze, mrudishe nyumbani... Nani? ... Wameshampakia kwenye lori?

Akakata bila kuaga. Akainama, akalivuta karai kutoka chini ya miguu yangu, akachovya kidole kwenye tope la gari lake.

— Na dhahabu yenyewe, mlipata?

Masudi akainamisha birika kwenye kikombe cha mzee. Halikutoa kitu. Kahawa ya mwisho, aliyoilipia yeye, nilikuwa nayo mimi mkononi, bado ya moto.