Xaver Bürgisser, Aliyehesabu Mikono Yote Isipokuwa Wake

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Xaver Bürgisser anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa akiwa karani wa takwimu wa kijiji chetu cha Hinterbüel. Ananikabidhi mimi, mrithi wake, penseli moja, wakazi 412 na ng'ombe 506.

Mwaka wake wa kwanza kazini, alimwomba Ottilia Kälin, aliyekuwa na mimba pevu, avute subira mpaka Januari, kwa kuwa jedwali la wakazi lilikuwa limeshafungwa. Mtoto akazaliwa tarehe 31 Desemba, saa sita mchana. Xaver alilifungua jedwali upya huku akinung'unika kwamba mtoto hana nidhamu. Mtoto huyo, Cornelia, ndiye mwenyekiti wetu wa leo.

Kwenye ardhi hakujua undugu. Msitu ni asilimia 41, mashamba na malisho 50, nyumba na barabara saba. Bustani ya shemeji yake Melk aliiandika katika asilimia mbili zilizobaki, ardhi isiyo na tija, pamoja na miamba. Melk alimnunia miaka minne, kisha akaleta karoti ofisini kama ushahidi. Xaver alizipima. Bustani ingali imeandikwa pamoja na miamba.

Mwezi Mei, mkutano wa kijiji ulipigia kura hoja ya kuungana na jirani zetu wa Vorderbüel. Ingepita, jina letu lingefutwa, ofisi hii ingefungwa, nami ningerudi kukamua ng'ombe. Xaver alihesabu mikono: 67 wanataka, 67 hawataki. Akarudia. Ikawa vilevile.

“Mzee Xaver,” akasema Cornelia, “mimi ulinihesabu kwa kinyongo. Wewe mbona hatujawahi kukuhesabu?”

“Nitainuaje mkono na mimi ndiye ninayehesabu? Kazi ni kazi.”

“Mwandikeni kwenye miamba!” akapaza sauti Melk.

Ukumbi ulicheka, lakini Xaver hakucheka. Penseli ikiwa mkono wa kulia, aliinua wa kushoto upande wa wasiotaka, akauelekezea penseli, akauhesabu. Sitini na nane. Kisha akahesabu upya ukumbi mzima, maana haamini mtu, hata yeye mwenyewe. Ikawa vilevile, na hoja ikaanguka.

Ahsante, Xaver. Nilipofika nyumbani nililia, na sioni haya kusema. Tunakutakia siku za raha, afya njema na karoti za Melk. Mkutano wa Novemba, kaa safu ya mbele. Mkono wako nitauhesabu mimi.