Apolonia Shigela, Aliyetuzuia Kuhama Ngulyati

Ndugu waombolezaji, mimi ni Joakim Ndaki, shemeji wa marehemu. Alinitania maisha yake yote, kwa hiyo leo mnivumilie nami nikiteleza kidogo.

Marehemu Apolonia Shigela alizaliwa tarehe 12 Mei 1957 Malampaka, wilayani Maswa, jirani na stesheni ya reli. Alisoma hapohapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa kanisani na kaka yangu Athanasi, akahamia kwetu Ngulyati.

Kazi yake ilikuwa kilimo, na hapo ndipo penye habari. Kufikia mwaka 1994 shamba letu lilikuwa limechoka. Pamba ilifika magotini ikakoma. Majirani walikuwa wanaswaga ng'ombe kuhamia Mpanda, na baba yetu naye akaamua tuhame. Apolonia akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akaomba msimu mmoja tu, pamoja na samadi ya zizini. Loo! Kwa baba, lundo la samadi lilikuwa heshima ya mwenye ng'ombe, na kulizoa ni kufukuza baraka ya zizi. Alinung'unika weee, mwishowe akamruhusu azoe ya mlangoni tu.

Kwa haraka zake akaimwaga mbichi. Mahindi yakaungua, magugu yakastawi. Baba, aliyezoea kumwita Mayu, yaani mama, akamwuliza, "Mayu, kwani ulipanda magugu?"

Akajibu, "Baba, nimekosea, niliyalisha chakula kibichi. Naomba msimu mwingine."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mizigo yangu nilikuwa nimeshaifunga.

Safari hii aliirundika samadi kivulini, akaifunika kwa nyasi, akawa anaigeuza kwa jembe mpaka ikapoa, ikaacha kunuka, ikavunjika mkononi kama udongo wa kichuguu. Mahindi yakasimama kijani, wapita njia wakasema tumetia dawa. Baba alilizunguka shamba peke yake, akarudi nyumbani akasema, "Joakim, fungua mizigo." Kina mama wengi wa hapa walijifunza kwake baadaye. Hakumnyima mtu, ila mvivu alimsema hadharani.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na presha, kisha figo zikashindwa. Wiki yake ya mwisho aliniuliza, "Shemeji, samadi imefika shambani? Mvua haimsubiri mgonjwa." Nikamwambia imefika, akafurahi. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2025, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, Athanasi. Watoto wanne, Kija, Martha, Flora na Januarius. Na wajukuu kumi na mmoja. Tumeumia sana. Waliohama miaka ile, wengine wamezikwa ugenini na makaburi yao hatuyajui. Yeye tunamzika nyumbani, na wanawe wote wapo, wanalima hapahapa.

Bwana ampumzishe kwa amani katika udongo huu aliokataa tuuache.