Joto la Mkasi

Julai ile baridi ya Wirrabin, mji mdogo wa wafuga kondoo Australia, ilikuwa ya kung'ata masikio, na wazee wa benchi la nje ya duka la mikate walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti, kila mmoja na kahawa yake. Isipokuwa Clarrie Hobday, mkata manyoya ya kondoo mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Mkasi. Yeye alikaa na fulana tu, jasho likimchuruzika. Tangu aanze sindano za saratani ya tezi dume, zile za kuzima homoni za kiume, joto lilimvamia bila hodi. Kifua kilianza kuvimba, na juzi alilia kwa sababu ya tangazo la sabuni. Kosa lake ni kuwasimulia wenzake.

Daktari, ambaye udaktari wake wote ulikuwa kuuza dawa za minyoo ya kondoo, alishauri akalie mfuko wa njegere za friza. Bunge, aitwaye hivyo kwa kupenda hotuba, akapinga: joto hushikwa na nywele, basi anyolewe mpaka nyusi.

— Mnahangaika bure, alisema Daktari. Sisi tumehasi madume miaka yote. Dume likishahasiwa linanenepa, linatulia, halina habari na jike. Mkasi, wewe kula majani tu.

Bunge alicheka mpaka akakohoa. Mkasi naye akacheka, maana kwenye benchi lile asiyecheka ndiye anayeandamwa. Lakini neno lile lilimchoma. Hakuwa amemgusa mkewe Noreen tangu Pasaka, na hakujua amwambie nini.

Bi Beryl, mgeni aliyehamia kwa binti yake mwezi ule, alikuwa amesimama mlangoni na mkate wake, akisikiliza.

— Samahani, wazee. Wake zenu walipokoma hedhi wakapata joto hilihili, mliwasaidiaje?

Daktari alikoroga kikombe kitupu. Bunge akatazama viatu vyake. Mkasi alimkumbuka Noreen miaka ile, amesimama mbele ya friji iliyo wazi, na yeye Mkasi akimfokea kwamba anamaliza umeme.

Bi Beryl alimwambia Mkasi apunguze kahawa, amweleze nesi habari ya kifua, na Jumanne aje ukumbi wa kanisa kunyanyua vyuma na akina mama, kwa kuwa sindano zile hula mifupa. Akaenda zake.

Mkasi aliinuka bila kuaga. Nyumbani alimkuta Noreen akimenya viazi, akavuta kiti karibu naye.

— Noreen, lile joto lako, ulilivumiliaje?

Noreen aliweka kisu chini.

— Peke yangu, alisema.

Kisha akaenda kumfungulia dirisha.